Kibofu cha Fundi Rangi wa Ngarenaro

Siku ya kwanza ya mafunzo yangu ya ubingwa bobezi niliambiwa nifumue nilichoshona. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Nilikuwa tayari daktari bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo, nina jina hapa Arusha, nina kibao mlangoni, na watu wakinikuta kwenye foleni ya bucha walikuwa wananipisha. Aliyeniambia nifumue alikuwa mwanamke niliyemzidi miaka kumi na mmoja.

"Shikamoo, Dokta Eliakimu," alisema Dokta Rukia, akiutazama mshono wangu kwa juu ya miwani.

"Marahaba."

"Fumua. Shona upya."

Hivyo ndivyo alivyokuwa kwa miaka yote miwili. Kwao Tanga walimfundisha adabu, huko ng'ambo alikosomea wakamfundisha kupasua saratani, na hakuwahi kuliacha moja limwingilie jingine. Alinipa shikamoo yangu kila asubuhi bila kukosa, halafu akanirarua.

Vijana mlioniomba niandike kumbukumbu hizi, najua mnachotaka. Mnataka niwaambie kama inafaa mtu ambaye ameshakuwa bingwa kurudi tena darasani miaka miwili kwa ajili ya saratani za figo, kibofu, tezi dume na korodani tu. Nitawajibu, ila kizee, yaani kwa kuzunguka. Nimestaafu. Niko huku kwetu juu ya Tengeru, migomba imenizunguka pande tatu na upande wa nne ni mlima, siku ambazo Meru haijajifunika. Muda ninao.

Watu walidhani nilirudi kusoma kwa kutafuta cheo. Nilirudi kwa sababu ya bahasha. Miaka ile mgonjwa wa saratani ya kibofu akija kwangu, nilimwandikia barua ya rufaa aende mbali kwa wenye utaalamu, nikajiona nimemaliza kazi yangu. Siku moja mama mmoja wa Terrat, mjane, alikuja kliniki akanirudishia barua niliyompa mumewe. Ilikuwa bado ndani ya bahasha, imefungwa vile vile nilivyoifunga mimi.

"Hatukupata nafasi ya kwenda, Dokta," aliniambia, kama vile yeye ndiye wa kuniomba radhi.

Niliiweka ile bahasha kwenye droo ya meza yangu. Hospitali yetu ilipotangaza kwamba mafunzo yale yataanza kutolewa hapa hapa Arusha, chini ya Dokta Rukia, nilijaza fomu siku ile ile. Tulikuwa waombaji wawili. Mwenzangu alibadili nia, nikabaki peke yangu, mwanafunzi mmoja mwenye mvi.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya nyumbani, kama ya mtoto wa shule. Niunganishe utumbo kwa utumbo mara ishirini kabla sijaruhusiwa kugusa wa mtu katika mafunzo yale. Nilisema nimeshaunganisha matumbo mengi maishani. Dokta Rukia akasema, "Najua, kaka. Nimeyaona." Basi nikaenda kwenye bucha ya Ngarenaro kununua utumbo mwembamba wa mbuzi. Wiki ya kwanza muuza nyama alinifungia bila neno. Wiki ya pili akanitazama. Wiki ya tatu akainama juu ya mizani na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Dokta, hali ndiyo imekuwa mbaya kiasi hicho?" Nilimweleza kwamba ni kwa ajili ya masomo. Hakuamini hata kidogo. Nilipofika nyumbani nilikuta ameniwekea na kipande cha steki ndani ya mfuko.

Mke wangu alivumilia mwezi mmoja. Halafu akaichukua ndoo yangu, meza yangu na nyuzi zangu, akazipeleka nyuma ya banda la ng'ombe, akasema daktari anaweza kusomea huko. Nikasomea huko. Nilikuwa nikimaliza kushona, nafunga upande mmoja, najaza maji upande wa pili na kukandamiza kidogo. Likitoka tone moja, nafumua yote. Fanyeni hivyo hata leo. Msiamini mshono kwa kuutazama, ujazeni maji.

Mwalimu wangu wa pili hakuwa daktari. Alikuwa Sista Paulina, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, mama mfupi wa Kichaga aliyekuwa mle ndani miaka mingi kuliko taa zenyewe. Alikuwa na neno moja kwangu: "Viwiko." Nikianza kuhangaika, viwiko vyangu hupanda juu kama mbawa za kuku, na mimi mwenyewe siwezi kujua. Bingwa niliyekuwa, miaka ishirini nikipasua, hakuna aliyewahi kuniambia. Nilimuuliza kwa nini yeye hakuniambia siku zote hizo. Akajibu huku akipanga mikasi yake, "Siku zote hizo hukuwa mwanafunzi."

Hapo mnaanza kupata jibu la swali lenu. Lakini ngojeni, maana mambo yote haya ya kufumua na viwiko ni ya kucheka tu. Lililonifundisha kweli halikuwa la kucheka.

Mwezi wa nne wa mafunzo, Jumanne ya kliniki, aliingia mzee mmoja akishikwa mkono na binti yake. Mzee Athumani, fundi wa kupiga rangi magari pale Ngarenaro. Karakana yake wengi wa rika langu tunaifahamu. Nusu ya magari ya mji huu yaliwahi kung'aa kwa mkono wake. Alikuwa na kucha zenye rangi ya fedha ambayo hakuna sabuni ingeitoa. Binti yake, Zuhura, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alishika madaftari ya kliniki ya baba yake kama anayekwenda kusahihisha.

Mkojo ulikuwa umeziba kwa mabonge ya damu. Tulimwekea mpira wa kutolea mkojo, tukamsafisha, akapata nafuu, ndipo Dokta Rukia akavuta kiti na kuketi mbele yake.

"Mzee wangu, damu uliiona lini mara ya kwanza?"

"Mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Ilikuja, ikaondoka yenyewe."

"Iliuma?"

"Haikuuma hata kidogo. Ndiyo maana sikuogopa sana. Ila nilikwenda hospitali, nikapewa dawa, ikaacha. Ikarudi, nikapewa dawa nyingine. Mara tatu hivyo."

"Ulionwa na nani?"

Zuhura alikuwa ameshalifungua daftari. Mimi niliyaona maandishi kabla hajaligeuza. Mtu huujua mwandiko wake hata ukiwa umepinduliwa. Mzee Athumani akaninyooshea kidole bila hasira yoyote, kama mtu anayekuonyesha duka alikonunua sukari.

"Dokta huyu hapa," akasema. "Alinihudumia vizuri sana."

Wanangu, mzee wa zaidi ya miaka sitini, mvutaji wa sigara, mpiga rangi anayeshinda kwenye kemikali, anakojoa damu isiyouma. Mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu anajua kinachotakiwa. Unaingiza kamera kwenye kibofu, unaangalia. Mimi sikuangalia. Nilikuwa na foleni ndefu nje, nikaandika ni maambukizi, nikaandika dawa. Aliporudi nikaona dawa haikutosha, nikaandika kali zaidi. Mara ya tatu nadhani sikuinua hata kichwa.

Kesho yake tuliangalia. Dokta Rukia alishika kamera, na kwenye skrini ukatokea uvimbe uliochanua kama koliflawa, umekalia upande wote wa kulia. Alikata kinyama cha kupimwa, na majibu yalipokuja yalisema saratani imeshaingia kwenye misuli ya kibofu. Ikifika hapo huukwangui uvimbe tena. Hapo kibofu kinatoka chote.

Nilimfuata Dokta Rukia ofisini kwake nikamwambia ule mwandiko kwenye daftari ni wangu.

"Niliuona," alisema. "Umemwambia?"

"Bado."

"Utamwambia wewe. Mimi sitakusaidia hapo."

"Nikimwambia atakataa nimguse."

"Ni haki yake." Halafu akaongeza, kwa upole kidogo, "Kaa chini unapomwambia. Usiseme ukiwa umesimama. Na usitie 'lakini' hata moja."

Nawaachia ushauri huo kama nilivyopewa. Nilikwenda wodini saa nne asubuhi, baada ya chai, nikavuta kiti karibu na kitanda chake. Zuhura alikuwepo.

"Mzee Athumani," nilisema, "mwaka jana ulipokuja kwangu na damu, nilipaswa kukuangalia ndani ya kibofu kwa kamera. Sikukuangalia. Nilikupa dawa za maambukizi mara tatu. Kama ningeangalia, huenda tungeukuta uvimbe ukiwa mdogo tukaukwangua, na kibofu chako kikabaki. Nilikosea."

Zuhura alikuwa ameuma mdomo, anatazama shuka.

"Hiyo kamera ilikuwepo mwaka jana?" aliuliza mzee.

"Ilikuwepo."

"Ilikuwa mbovu?"

"Haikuwa mbovu. Ilikuwa chumba cha pili."

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyeonyeshwa kazi ya fundi mwenzake ikiwa imebanduka.

"Basi toka kwanza, Dokta," akasema.

Nikatoka. Kwa siku kadhaa zilizofuata nilipopita na raundi, aligeukia ukutani. Nesi akimuuliza, anajibu. Dokta Rukia akimuuliza, anajibu. Mimi, kimya. Sikuwa nimewahi kuadhibiwa hivyo tangu nilipoacha shule, na sikuwa na pa kulalamika.

Sasa, kibofu kikitolewa kuna njia mbili kuu. Unaweza kuchukua utumbo mrefu kidogo wa mgonjwa mwenyewe, ukaushona uwe kibofu kipya ndani, akakojoa kwa njia ile ile ya zamani. Au unachukua kipande kifupi cha utumbo, unaunganishia mirija miwili inayotoka kwenye figo, na mdomo wake unautoa nje tumboni, chini ya kitovu upande wa kulia, mkojo ukawa unadondokea kwenye mfuko uliobandikwa kwa gundi. Hiyo ya kwanza ndiyo kila mtu anaitaka. Lakini inahitaji figo zenye nguvu, kwa sababu utumbo hunyonya mkojo na kuurudishia mwili uchafu wake. Figo moja ya Mzee Athumani ilikuwa imevimba kwa kuzibwa na ule uvimbe, na vipimo vya damu vilionyesha hata nyingine imechoka.

Mimi niliandaa hoja ya kumtengenezea kibofu kipya. Nilisoma vitabu, nikatafuta kila mahali paliposema "inawezekana kwa uangalifu". Niliipeleka kwa Dokta Rukia imeandikwa kurasa mbili. Aliisoma yote, sina malalamiko juu ya hilo. Akaniuliza:

"Hiki kibofu kipya unataka kumpa kwa ajili yake, au kwa ajili yako?"

Nilizichukua kurasa zangu nikatoka. Mpaka leo, mtu akiniuliza mafunzo yale yalinipa nini, huwa naanza na swali hilo, maana hakuna kitabu kilichowahi kuniuliza.

Zuhura ndiye aliyetuambia kwamba baba yake ameukataa mfuko. Mzee mwenyewe alimthibitishia Dokta Rukia, tena kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia.

"Niende msikitini nimejibandika mkojo tumboni? Nisimame mbele za Mungu hivyo? Niacheni nife na udhu wangu."

Hapo Dokta Rukia, ambaye naye ni Mwislamu, alimweleza kwamba dini ina nafasi kwa mwenye udhuru. Mzee alimsikiliza kwa heshima na hakukubali. Mtu mwenye kibofu chake kizima akikwambia inawezekana, unamsikia tu.

Ndipo nikamkumbuka Haji Salimu. Alikuwa muuza vitambaa mjini, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi, na aliwahi kutolewa kibofu katika hospitali ya mbali miaka sita kabla. Alikuwa anakuja kwangu kuchukua mifuko tu, kwa siri sana, siku ambazo kliniki haina watu. Na alikuwa akiswali msikiti ule ule wa Mzee Athumani, safu ya mbele.

Sikilizeni hapa kwa makini, kwa sababu ni rahisi kuharibu. Sikumwambia Mzee Athumani jina lake. Nilimpigia Haji kwanza, nikamweleza kuna mgonjwa, nikamwambia ana uhuru wote wa kukataa na sitamuuliza mara ya pili.

"Dokta, hata kaka yangu hajui," alisema. "Ni mtu gani?"

"Siwezi kukutajia mpaka naye akubali kuonana na mtu."

"Haya. Muulize kama anataka. Nitakuja."

Dokta Rukia akamuuliza mzee, mzee akasema aje huyo asiye na kazi za kufanya. Alhamisi alasiri Haji Salimu akaingia wodini na kanzu yake nyeupe. Mzee Athumani alipomwona, alijiinua kitandani akidhani amekuja kumjulia hali.

"Haji! Nani amekwambia niko huku?"

"Hakuna aliyeniambia ni wewe. Athumani, Idi iliyopita uliswali bega kwa bega na nani?"

"Si na wewe?"

"Ulinusa nini?"

Mzee akamtazama haelewi. "Udi," akasema.

Haji akavuta pazia la kitanda. Mimi nilikuwa upande wa pili, namsaidia Sista wa wodi kupanga vifaa vya kidonda, na nilitaka kuondoka, lakini Haji akasema kwa sauti, "Dokta abaki, hili yeye ameshaliona." Akainua kanzu. Halafu nikasikia sauti ya Mzee Athumani, siyo ya mgonjwa tena, ya fundi.

"Hiyo gundi yake ni ya namna gani?"

"Nzuri. Siku nne, siku tano. Ngozi lazima iwe kavu kabisa kabla ya kubandika."

"Kama rangi," alisema mzee. "Ukibandika kwenye unyevu, inavimba."

"Hivyo hivyo."

"Ukisujudu?"

"Namwaga kwanza, natawadha wakati wa swala ukiingia, naswali. Nimeuliza masheikh watatu. Wote jibu moja."

"Na ukicheka?"

"Nikicheka, mfuko nao unacheka," alisema Haji, na wote wawili wakaangua kicheko, na nyuma ya pazia Sista wa wodi akafuta macho kwa mkono wa glovu, jambo ambalo hatufanyi.

Mzee Athumani alikubali jioni ile. Dokta Rukia alinituma niweke alama mahali mfuko utakapokaa. Watu wengi huweka alama mgonjwa akiwa amelala, wanafurahi, kumbe akikaa tumbo linakunjamana na mfuko unabanduka. Tulitandika mkeka sakafuni. Nilimwomba mzee asimame, akae, arukuu, asujudu, na kila mara nilipiga magoti nikatazama ngozi inakunjika wapi. Alifanya yote bila kunitazama usoni. Nilipomaliza, nikachora kwa kalamu duara dogo. Ndipo akamgeukia Dokta Rukia.

"Huyu aliyekosea atakuwepo siku hiyo?"

"Ukikataa, hatakuwepo, mzee wangu. Nitafanya na mwingine."

Akavuta shuka lake taratibu.

"Awepo," alisema. "Mara ya kwanza hakuangalia. Safari hii aangalie."

Tulimpasua Jumatano, kuanzia saa mbili asubuhi. Zamani hizo tulifungua tumbo zima. Ninyi leo mnapitisha vyuma kwenye matundu madogo huku mkitazama televisheni, na wagonjwa wenu wanatembea kesho yake. Nawaonea fahari, na wivu kidogo. Dokta Rukia alisimama upande wa kushoto, akaniachia kisu. Sista Paulina alikuwa kwenye vyombo.

Kwa saa mbili mambo yalikwenda vizuri. Halafu upande wa kulia, pale uvimbe ulipokuwa umegandia ukuta wa nyonga, nilivuta kidogo zaidi ya ilivyotakiwa na mshipa ukachanika. Damu nyeusi ikajaa kama maji kwenye karai. Kwa miaka ishirini mkono wangu ulikuwa na jibu moja kwa jambo hilo: shika koleo, zamisha, bana chochote. Ndivyo watu wanavyochana mshipa wa pili.

"Viwiko," alisema Sista Paulina.

Nikavishusha. Nikaweka kidole, nikabonyeza. Dokta Rukia alikuwa ameshika koleo mkononi, tayari, na hakulitumia. Mwezi ule wote alikuwa amenirudia jambo moja: usiifukuze damu, ibonyeze, isubiri, itakuonyesha ilikotoka. Mtaalamu wa usingizi akaanza kutundika chupa ya damu. Nilisubiri dakika tano kwa saa ya ukutani. Hakuna dakika tano ndefu kama hizo duniani. Kisha nikainua kidole polepole sana, nikaangalia, kweli kweli nikaangalia, na nikauona mpasuko mdogo kama jicho la sindano, umejificha nyuma ya mshipa. Nyuzi tatu. Ukakauka.

Baadaye nilimuuliza Dokta Rukia kwa nini hakunipokonya kazi pale. Alikuwa anavua glovu.

"Ningekupokonya kama mikono yako ingekimbia," alisema. "Haikukimbia."

Tulitoa kibofu. Tukachukua kipande cha utumbo, tukaunganisha mirija, nami nikashona utumbo uliobaki kwa namna niliyojifunza nyuma ya banda la ng'ombe. Nilipomaliza nilisubiri neno lile la kila siku. Dokta Rukia aliinama, akautazama mshono kwa juu ya miwani, kisha akamwomba Sista Paulina uzi wa kufungia tumbo. Sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha kama ukimya ule.

Majibu ya maabara yalisema kingo za nyama tuliyoitoa zote ni safi, tezi zote ni safi. Tulikuwa tumewahi, kwa bahati niliyokuwa siistahili lakini yeye aliistahili. Ikabaki kusubiri matumbo yaamke, na hapo daktari wa upasuaji hata awe bingwa wa namna gani anakuwa mtu wa kuuliza swali moja tu: "Mzee, umejamba?" Niliuliza siku ya pili, ya tatu, ya nne. Siku ya tano nilipofika mlangoni, kabla sijafungua mdomo, Mzee Athumani akasema akitazama dirishani, "Imepita." Hilo lilikuwa neno la kwanza aliloniambia kwa hiari yake tangu siku ile ya kiti. Niliandika kwenye faili kwa herufi kubwa.

Aliondoka hospitalini wiki iliyofuata. Zuhura alinipa mkono na kunishukuru. Mzee aliniitikia kwa kichwa, akaingia kwenye gari.

Alhamisi moja baada ya hapo, kwenye kikao chetu cha madaktari, nilisimama nikaeleza kisa chote tangu dawa ya kwanza, na mwandiko wangu ukiwa kwenye skrini, wakubwa wote wauone. Hakuna aliyecheka. Baada ya kikao madaktari watatu, mmoja baada ya mwingine, walinifuata kwenye korido wakaniambia kila mmoja habari ya mgonjwa wake aliyemkosea. Tangu mwaka ule, kila daktari aliyeingia mafunzo ya ubingwa bobezi chini yangu, baada ya Dokta Rukia kuniachia kiti, alianza kwa kusimama mbele ya wenzake na kueleza jambo moja alilokosea. Walionichukia kwa hilo wapo. Wengine sasa wanawafanyia hivyo wanafunzi wao.

Kwa hiyo, inafaa? Inafaa. Utajifunza mishipa usiyoijua na kazi za mikono ambazo sasa huziwezi. Lakini zaidi utapata watu wawili watatu wenye ruhusa ya kukwambia ukweli, na ukishakuwa na kibao mlangoni watu hao huwapati tena kwa njia nyingine. Mkiona mafunzo ambayo hakuna anayewafumulia kitu, rudini nyumbani.

Nimalizie habari ya mzee.

Ilikuwa kama miezi miwili baada ya upasuaji, Ijumaa. Zuhura alinipigia asubuhi kwamba baba anakwenda msikitini kwa mara ya kwanza, amekataa kusindikizwa, na yeye ana vipindi shuleni. Hakuniomba kitu. Alisema tu nimeona nikwambie. Nilichukua mfuko mmoja mpya wa akiba kliniki, nikauweka mfukoni mwa koti, nikaendesha mpaka Ngarenaro na kuegesha upande wa pili wa barabara. Mimi ni Mlutheri. Sikuwa na la kufanya pale isipokuwa kusimama juani karibu na mlango wa gari, najihisi mjinga.

Swala ikaisha, watu wakaanza kutoka wakitafuta viatu vyao. Nilimwona Haji Salimu kwanza, halafu Mzee Athumani nyuma yake, kanzu ya kahawia, anatembea taratibu lakini amenyooka. Walipeana mikono wakaachana. Mzee akavaa makubadhi yake, akainua macho, akaniona.

Alivuka barabara kwa kuchukua muda wake, bodaboda zikimpisha. Akafika, akautazama mkono wangu, ambao ulikuwa umeshautoa ule mfuko bila mimi kuuambia.

"Huo wa nini?"

"Akiba, mzee. Nilidhani kama ingetokea gundi imeachia..."

"Haikuachia."

"Alhamdulillahi," nilisema, Mlutheri mimi.

Akatazama gari langu, ubavuni, mahali nilipokuwa nimekwaruza mlango mwaka mzima nisipeleke kwa fundi. Akapitisha kidole chenye kucha ya fedha juu ya ule mkwaruzo. Halafu akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku niliyovuta kiti.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi funga gari, twende."

Nikafunga gari.